Mfua Fedha na Mwanagenzi Wake

Tunapofundisha historia ya pwani yetu, aghalabu huwaonyesha vijana magofu ya misikiti na majumba ya mawe, tukavisahau vitu vidogo vilivyovaliwa mwilini. Hata hivyo, vitu vidogo navyo vina ushahidi wake. Mwaka 1984, huko Mtambwe Mkuu, Pemba, wataalamu wa mambo ya kale walifukua sarafu zaidi ya 2,000 za fedha, ndogo sana, zenye majina ya watawala wa pwani. Basi yapata miaka elfu moja iliyopita walikuwako hapa watu waliojua kuiyeyusha fedha na kuitia chapa.

Pwani haikuwa na machimbo ya fedha. Madini hayo yaliletwa kwa vyombo vya baharini. Katika karne ya 19 ilienea Unguja reale ya Austria, yenye sura ya Maria Theresa na mwaka 1780, ambao uliendelea kuandikwa hata juu ya sarafu zilizopigwa baadaye sana. Reale moja ilikuwa na uzito wa gramu 28 hivi, na sehemu 833 katika kila 1,000 zilikuwa fedha tupu. Sarafu hizo ziliingia kaluni zikatoka mitali, furungu, kekee na vidani. Waliozifua walikuwa watu wa asili mbalimbali, na neno sonara lenyewe limetoka Bara Hindi. Utamaduni wetu haukuogopa kupokea; ulipokea ukafanya chake.

Kazi hii haikujifunzwa vitabuni. Samaki hukunjwa angali mbichi, na mwanagenzi alianza angali mdogo, akivukuta moto na kutazama. Jicho lake lilipaswa kutambua rangi ya fedha iliyo tayari kumiminwa. Kisha alijifunza kuifua juu ya fuawe na kuipasha moto tena kila ilipokuwa ngumu, kwani fedha iliyofuliwa mno bila kupashwa hupasuka. Baadaye alivuta uzi wa fedha katika matundu ya bamba la chuma, kutoka tundu kubwa hadi dogo. Mwisho ulikuja ulehemu kwa tinikali, kazi isiyosamehe, maana moto ukizidi kidogo pambo zima huyeyuka. Aliyehitimu alimpa fundi wake kilemba, ada ya heshima.

Pamoja na mikono, mwanagenzi alifunzwa uaminifu. Mteja alileta fedha yake mwenyewe, ikapimwa kabla ya kufuliwa na baada yake. Fundi aliyechanganya shaba kwa siri aliweza kumdanganya mteja mmoja, lakini hakuweza kuudanganya mji mzima.

Leo furungu la bibi likiuzwa, mara nyingi huuzwa kwa uzito, likayeyushwa siku hiyo hiyo. Fedha hubaki, lakini nakshi hupotea, na pamoja nayo ujuzi wa mikono iliyoichonga. Hasara hiyo hakuna mizani inayoipima.

Ndiyo maana twawaomba walimu na wanafunzi wavitafute vitu hivi majumbani mwao, wavichore, waandike majina yake, na wawaulize wazee vilivyofuliwa. Wale wenye vipaji na wakae kando ya fundi angali hai. Mchoro utahifadhi sura ya pambo. Lakini ufundi wenyewe hauhifadhiki ila katika mikono ya mwanagenzi.