JIWE LA MUGERE NA MAJINA YASIYOANDIKWA



Ndugu msomaji, watoto wetu wa Rumonge na Kabonga huona vitabuni picha za magofu ya msikiti mkuu wa Kilwa, mji ambao Ibn Battuta aliuzuru mwaka 1331. Huuliza: mbona kwetu hakuna? Jibu ni kwamba Uislamu ulifika mwambao huu wa Tanganyika katika karne ya 19, kwa misafara ya biashara iliyotoka Bagamoyo, ikapita Tabora hadi Ujiji. Watu wale hawakutuachia kuta za mawe. Walituachia sala, lugha na majina.

Hata hivyo lipo la kwenda kuona. Vijana wakiwa kundi wanaweza kufuata kwa baiskeli barabara ya ziwani, kuanzia mpakani Kabonga, Nyanza-Lac, Rumonge, Magara hadi Mugere, karibu na Bujumbura. Pale lipo jiwe kubwa lililochongwa majina ya Livingstone na Stanley, na tarehe 25 Novemba 1871. Wengi hudhani ndipo walipokutana mara ya kwanza. Sivyo. Walikutana Ujiji, kisha wakapanda mtumbwi wa mvule wakafuata mwambao huu huu, kutazama kama mto Rusizi unaingia ziwani au unatoka. Wakaona unaingia.

Je, nani alipiga makasia? Jiwe halisemi. Katika safari ile walikuwamo Susi, mtumishi wa Livingstone, na Sidi Mubarak Bombay. Bombay alikuwa Myao aliyetekwa akiwa mtoto, akauzwa na kupelekwa India, akapata uhuru na kurudi Afrika. Yeye alifika katika ziwa hili mwaka 1858 pamoja na Burton na Speke, miaka 13 kabla ya Stanley!

Hapa wazazi tuwe wakweli. Njia iliyoleta adhana ilipitisha pia minyororo. Muhammad bin Khalfan al-Barwani, maarufu kwa jina la Rumaliza, alifanya biashara ya pembe na watumwa akiwa Ujiji. Alishambulia mwambao wa Burundi, na Mwami Mwezi Gisabo akapambana naye. Alikuwa Muislamu, lakini jina la Kiislamu halihalalishi dhulma. Dini yetu imefanya kumwacha huru mtumwa kuwa ibada. Mtoto asipoyasikia haya kwetu, atayasikia kwa mwingine, naye atadhani tulimficha.

Kwa hiyo, kabla ya kuondoka, kagueni breki, chukueni pampu, viraka na maji, na mpange mahali pa kusali njiani. Mkirudi, kila mmoja akae na babu au bibi yake aandike: mzee wetu wa kwanza alikuja kutoka wapi? Alikuja kwa hiari au alitekwa? Nani alimfundisha Qur'an? Majina hayo hayapo kwenye jiwe lolote, na wanaoyakumbuka wanazidi kupungua.

Allah awarehemu waliotutangulia, na atujaalie kuwa waadilifu. Amin.

Wabillahi tawfiq.