Kukitazama Chuo cha Tucson

Ni desturi ya wazazi wengi wa Marekani, mtoto akaribiapo kumaliza masomo ya sekondari, kufunga safari pamoja naye kwenda kukitazama chuo kabla ya kukichagua. Siku mbili au tatu hutengwa. Asubuhi jamaa huongozwa kati ya madarasa na mabweni, na saa zinazobaki hupewa mji na mandhari yake. Kwa vyuo vingi mpango huu ni mwema. Kwa Tucson, mji wa jangwa ulioko kusini ya Arizona, mpango huu hukata vipande viwili kitu kilicho kimoja. Maana huko jangwa ndilo lililokifanya chuo kuwa kilivyo.

Mwanzo wake haukuwa wa heshima. Mwaka 1885 Arizona haikuwa bado jimbo kamili, kwani hadhi hiyo iliipata mwaka 1912. Baraza lake la kutunga sheria lilikutana Prescott, na kila mji ulipeleka wajumbe kutafuta fungu lake. Tucson, uliokuwa makao makuu tangu 1867 hata 1877, ulitaka kurudishiwa cheo hicho. Haukukipata. Phoenix ulipewa hospitali ya wenda wazimu pamoja na dola 100,000, Tempe ukapewa chuo cha walimu, na Tucson ukapewa chuo kikuu na dola 25,000. Wenye maduka walipiga hesabu wakaona wamepunjwa: hospitali ina wapishi, walinzi na manunuzi ya kila siku, wanafunzi watanunua nini? Mjumbe C. C. Stephens aliporudi kujieleza alitupiwa mayai na mboga zilizooza, na yasemekana hata paka mfu.

Fedha zile zilikuwa na sharti kwamba mji utoe kiwanja, na muda uliowekwa ulikuwa ukienda bila mtu kujitokeza. Ndipo Jacob Mansfeld, mfanya biashara ya vitabu aliyekuwa mmoja wa wasimamizi wa chuo kisichokuwapo bado, alipotoka kwenda mashariki ya mji, akachagua pori kavu, akawaendea wenyewe. Wawili walikuwa wacheza kamari, wa tatu alikuwa mwenye kilabu cha pombe. Walitoa ekari 40. Ni haki majina yao yatajwe, maana wengi wenye sifa njema kuliko wao hawakutoa kitu: E. B. Gifford, Ben Parker na W. S. Read.

Milango ilifunguliwa mwaka 1891 kwa wanafunzi 32 na walimu 6. Wengi wa wanafunzi hao hawakuwa tayari kwa masomo ya juu, ikabidi watayarishwe kwanza. Mwaka 1895 walihitimu watu watatu, na wawili kati yao walikuwa wanawake. Jengo la kwanza, liitwalo Old Main, lingalipo. Orofa yake ya chini imezamishwa ardhini, na baraza pana imelizunguka pande zote. Mgeni asimame barazani adhuhuri, kisha ashuke ngazi. Baridi atakayoisikia itamweleza upesi jinsi watu walivyosoma huko kabla ya mashine za kupoza hewa.

Elimu yenyewe ilifuata nchi. Andrew Ellicott Douglass, mtaalamu wa nyota, alifika chuoni mwaka 1906. Alitambua kuwa mwaka wa ukame huacha duara jembamba ndani ya shina la mti, na mwaka wa mvua duara nene. Kwa kulinganisha magogo makavu yaliyohifadhiwa na ukavu wa nchi, mwaka 1929 aliweza kutaja miaka ambayo nyumba za kale za wenyeji wa Amerika zilijengwa. Hewa kavu ikawapa wenzake anga safi. Hata leo vioo vya darubini vyenye upana wa mita 8.4 huyeyushwa na kusuguliwa chini ya uwanja wa mpira wa chuo. Katika kilima cha Tumamoc, kando ya mji, maabara ya jangwa ilianzishwa mwaka 1903, nayo leo imo mikononi mwa chuo. Na mpungate mkubwa uitwao saguaro, ambao huweza kungoja miaka 50 na zaidi kabla ya kutoa tawi la kwanza, ulipata hifadhi ya serikali mwaka 1933 kwa juhudi za Homer Shantz, mwanachuoni wa mimea aliyekuwa rais wa chuo hicho. Basi jamaa iendayo kutembea kati ya mipungate haijatoka chuoni.

Wakati wa kwenda una maana. Mwezi wa Juni joto hupita nyuzi 40 za Selsiasi, na Julai huja mvua za ngurumo. Wengi huchagua Februari au Machi, nao hurudi na sifa nyingi. Lakini kijana atakayeishi huko miaka minne ataanza masomo Agosti, na mzazi mwenye busara angetaka alijue joto hilo kabla ya kutia sahihi. Ada pia iulizwe mapema. Katiba ya Arizona huagiza masomo ya vyuo vyake yawe karibu na bure kadiri iwezekanavyo. Hata hivyo atokaye nje ya jimbo hulipa zaidi sana kuliko mwenyeji.

Kilomita 16 hivi kusini, katika nchi ya Watohono O'odham, lipo kanisa jeupe la San Xavier del Bac, lililojengwa kati ya 1783 na 1797. Mnara wake mmoja haukumalizwa. Misheni yenyewe iliasisiwa mwaka 1692 na padri Eusebio Kino, ambaye aliwakuta wenyeji wakilima kwa maji ya mto Santa Cruz.

Mto huo ndio habari kubwa ya mji. Mitaro iliyochimbwa vibaya, mafuriko ya mwaka 1890 na visima vya pampu viliukausha. Mji ukanywa maji ya chini ya ardhi hata yakapungua, ukangoja mfereji wa kilomita 540 hivi utokao mto Colorado. Maji hayo yalipoingia mabombani mwaka 1992 yalitoka na kutu, yakawakasirisha watu, na mwaka 1995 wapiga kura waliyakataa kupelekwa moja kwa moja majumbani. Sasa humwagwa kwanza ardhini yachujike, kisha huvutwa tena. Na Colorado yenyewe imepungua: mwaka 2021 serikali ilitangaza upungufu, na Arizona ikakatiwa sehemu ya fungu lake.

Jioni ya mwisho inafaa kupandwa kilima cha Sentinel, chenye herufi A ya mawe iliyomalizwa na wanafunzi mwaka 1916. Jina la Tucson limetoka hapo, maana kwa lugha ya wenyeji ni chini ya kilima cheusi. Kutoka juu chuo huonekana upande wa mashariki, na karibu zaidi bonde la mto, ambalo tangu Juni mwaka 2019 lina maji tena katika sehemu ya katikati ya mji. Kijana akiuliza kama mto umefufuka, ajibiwe kwamba maji yale yametoka katika majumba ya mji, yakasafishwa, yakarudishwa mtoni.