Kuta za Choo na Bafu katika Ufuko wa Mbaha

Kuta za zamani za bafu katika vijiji vya Mbaha, kwenye ufuko wa Ziwa Nyasa, zilikuwa za matete na nyasi. Matete hayakununuliwa. Yalikatwa kwenye kingo za mito, yakafungwa kwa kamba za magome ya miti kwenye fito zilizochimbiwa ardhini. Bafu halikuwa na paa, na chini palitandazwa mawe ili anayeoga asikanyage tope. Ukuta huo ulitakiwa kusitiri tu, na kwa kazi hiyo ulitosha. Mchwa waliula kutoka chini, mvua za Novemba hadi Aprili zikauozesha, na kiangazi kilipofika ukasukwa upya. Hata hivyo, wengi waliendelea kuoga ziwani.

Tofali la kuchoma lilienezwa na wamisheni: Waanglikana wa Liuli, bandari ambayo Wajerumani waliiita Sphinxhafen, na Wabenediktini walioanza Peramiho mwaka 1898. Kwenye majengo ya misheni vijana walijifunza kufyatua matofali, kupanga tanuri na kunyoosha ukuta kwa timazi. Ujuzi huo ulitumika kwanza kwenye makanisa, shule na zahanati. Choo cha mwanakijiji kilisubiri.

Msukumo mkubwa wa choo cha shimo ulikuja mwaka 1973 kwa kampeni ya Mtu ni Afya. Watu wapatao milioni 2 nchini walikusanyika katika vikundi, wakasikiliza vipindi vya redio, wakajadili malaria, kichocho na kuhara, kisha wakaenda kuchimba. Miaka hiyohiyo Operesheni Vijiji ilikuwa ikihamishia familia kwenye makazi mapya, ambako kila kitu kilijengwa kwa haraka. Kilichohimizwa zaidi ni shimo. Ukuta uliachiwa kila kaya, nao mara nyingi ukabaki kuwa wa nyasi au wa fito na udongo. Huo ulikuwa upungufu wa kweli, kwa sababu choo kisicho na stara hakiendewi mchana, hasa panapokuwa na wakwe nyumbani.

Ufuko una tatizo lake la pekee. Shimo la mchangani hubomoka lisipojengewa mawe au matofali, na likibomoka huenda na ukuta wake. Maji nayo hayako mbali chini ya ardhi. Mwaka 1980 ziwa lilipofikia kina kikubwa kuliko kawaida, maeneo ya chini ya pwani yalifurika, na mahali pa namna hiyo choo hujengwa upya kwenye kilima badala ya kukarabatiwa.

Matofali yalipoenea majumbani, yaliunganishwa kwa udongo, si kwa saruji. Kiwanda cha Wazo Hill, Dar es Salaam, kilianza kuzalisha mwaka 1966, lakini mfuko uliosafirishwa hadi ng'ambo ya milima ya Umatengo ulikuwa ghali. Matokeo yake yanaonekana kwenye kila bafu la zamani: maji ya sabuni hula udongo wa maungio kuanzia chini, tofali la safu za kwanza hulainika, na ukuta huinama upande wa kuogea.

Mafundi walijifunza kuuokoa bila kuubomoa wote. Fundi hugonga ukuta kwa mpini wa nyundo. Panapolia uwazi, lipu ya zamani hung'olewa. Maungio huchokonolewa, matofali yaliyooza hubadilishwa moja moja, kisha ukuta hulowekwa maji, kwa maana tofali kavu hunyonya maji ya saruji na lipu hupasuka. Hupigwa lipu ya mchanga uliochekechwa, na mwisho niru, yaani saruji tupu iliyolainishwa kwa mwiko, ili maji yateleze. Fedha ikiwa haba, lipu huishia kiunoni, na uamuzi huo ni wa busara: juu ya hapo maji hayafiki kwa wingi.

Wilaya ya Nyasa, ambamo Mbaha imo, ilimegwa kutoka Mbinga mwaka 2012. Kampeni ya Nyumba ni Choo ilianza mwaka 2017, ikahimiza choo bora chenye sakafu inayosafishika, kuta, paa na mlango. Barabara ya lami kati ya Mbinga na Mbamba Bay, yenye kilomita 66, imerahisisha safari ya saruji, mabati na vigae kuelekea ziwani. Vigae vimeanza kuingia katika nyumba za wageni na za wenye kipato, lakini kwa kaya nyingi niru juu ya tofali la kuchoma ndiyo inayodumu kwa gharama inayolipika.