Uchovu wa Baada ya Maradhi ya Virusi

Uchovu wa baada ya maradhi ya virusi ni hali imshikayo mtu ambaye homa yake imekwisha, kikohozi kimemwacha, na vipimo aghalabu havioneshi ila yoyote, lakini nguvu zake hazijarejea: ukungu umemtanda akilini, maneno yanampotea katikati ya mazungumzo, usingizi haumpumzishi, na moyo umeingiwa na wahka au sonona. Dalili iliyo mahsusi kuliko zote ni kwamba kazi ndogo ya mwili au ya fikra, kama kupanda ngazi au kusoma barua ndefu, humlaza kitandani, tena mara nyingi si papo hapo bali kesho yake, na kwa siku kadhaa; ndiyo maana wamwonao akitembea leo humdhania mvivu wamkosapo kesho.

Kisa kilichojadiliwa mno ni cha hospitali ya Royal Free, London, ambako kuanzia Julai 1955 watumishi 292 waliugua hata ikabidi milango ifungwe hadi Oktoba, ilhali miongoni mwa wagonjwa waliokuwa wamekwisha kulazwa humo walipatwa 12 tu. Kirusi hakikupatikana. Mwaka 1970 matabibu wawili wa maradhi ya akili, McEvedy na Beard, kwa kusoma kumbukumbu za hospitali pasipo kuwahoji wagonjwa wenyewe, walitoa rai kuwa yale yalikuwa taharuki ya nafsi, na miongoni mwa hoja zao ni kwamba wengi walioathirika walikuwa wanawake. Rai hiyo, ambayo haikuwa ya insafu, iliwaelemea wagonjwa kwa miaka mingi.

Ithibati iliyo bora ilitoka mji wa Dubbo, Australia, katika utafiti uliochapishwa 2006, ambamo watu 253 walifuatiliwa tangu siku za mwanzo za kuugua, wengine kwa virusi vya Epstein-Barr, wengine kwa vya Ross River vienezwavyo na mbu, na wengine kwa homa ya Q, ambayo asili yake ni bakteria. Baada ya miezi 6, asilimia 12 walikuwa wangali wamelemewa, na kilichobashiri hatima yao ni ukali wa maradhi ya awali, wala si umri, jinsia au hulka ya mtu.

Chikungunya, iliyotambuliwa kwanza katika nyanda za Wamakonde, kusini mwa Tanganyika, mwaka 1952, nayo huwaachia baadhi ya watu maumivu ya viungo na uchovu wa miezi mingi. UVIKO-19 ilizidisha idadi ya wagonjwa wa namna hii duniani kote, wakiwamo walioumwa kidogo tu, hata Oktoba 2021 Shirika la Afya Duniani likaweka kipimo: dalili ziwepo miezi 3 tangu maradhi kuanza, zidumu angalau miezi 2, na zisiwe na sababu nyingine.

Dawa ya kuuondoa uchovu huu haijapatikana. Sonona na kukosa usingizi hutibika, na hustahili kutibiwa. Ama nguvu, mgonjwa hana budi kuzigawa kwa kadiri, na jamaa zake wasimhimize kujikaza, kwani kujikaza huweza kumrudisha nyuma.