Kurudi kwenye ubao wa tanga baada ya miaka 27

Mara ya mwisho kusimama juu ya ubao wa tanga nilikuwa na miaka 23. Ilikuwa mwanzoni mwa Agosti 1997, nami nafanya kazi kwenye kibanda cha michezo ya baharini cha hoteli moja huku Diani. Katikati ya mwezi ule fujo za Likoni zikazuka, wageni wakafungasha, na kabla ya mwaka kwisha hoteli ilikuwa imefunga milango. Mbao na matanga yakauzwa. Mimi nikaingia kwenye duka la vifaa vya ujenzi, nikaoa, nikanenepa, na bahari nikawa naitazama tu nikipita.

Nilirudi wakati wa kusi ya 2024. Naandika haya kwa sababu najua tuko wengi: vijana wa zamani wa Nyali, Bamburi, Watamu na huku kusini, tuliojifunza mchezo huu kwa mbao za wageni jioni wageni wakishaoga. Leo tuna miaka hamsini na kitu, daktari anatuambia tufanye mazoezi, na tunadhani ubao wa tanga ulikuwa jambo la ujana. Nami nilidhani hivyo, na nusura nibaki na dhana hiyo.

Kosa langu la kwanza lilikuwa kuanza na kile nilichokijua. Jirani alikuwa na ubao wa zamani stoo, mrefu zaidi ya mita tatu na nusu, wa plastiki nzito, una kile kisu cha katikati kinachoteremshwa majini. Tanga lake lilikuwa limelegea kama shuka. Nikaufuta vumbi, nikamwita mpwa wangu anisaidie kuubeba hadi pwani. Kwa saa nzima nilivuta tanga kutoka majini, likaanguka, nikavuta tena. Siku tatu sikuweza kuinama kufunga viatu. Mke wangu hakusema neno, akaniwekea tu mafuta ya kuchua kando ya kitanda. Nikamwambia mpwa wangu kwamba basi, umri umefika.

Yeye hufundisha watu kuteleza kwa tiara, hivyo anaona vifaa vipya kila siku. Akanijibu, "Mjomba, mzee ni ule ubao." Wiki iliyofuata akaniazimia ubao wa siku hizi, wa aina wanayoiita friraidi, yaani wa kutembea kwa raha, si wa mashindano wala wa kuruka mawimbi.

Nieleze tofauti, maana ndiyo kiini cha habari. Ubao huo ni mfupi, mita mbili na nusu hivi, lakini ni mpana sana, sentimita 80. Zamani tulisimama juu ya kitu chembamba tukakitegemea kwa urefu wake. Sasa ni upana unaokubeba. Uzito wake ni kama kilo kumi, pungufu au zaidi kidogo, nami naubeba kwapani peke yangu. Juu yake mahali pa kusimama pametandikwa sponji laini, na magoti yangu yalilitambua hilo siku ya kwanza.

Ukubwa wa ubao hupimwa kwa lita, na hapo ndipo mtu anayerudi hujidanganya. Hukumbuka ule ubao mdogo wa haraka aliouendesha akiwa kijana, akautaka tena. Kanuni ninayoifuata ni nyepesi: chukua uzito wako kwa kilo, ongeza 50 au 60, hizo ndizo lita zako. Mimi nina kilo 86, kwa hiyo natumia ubao wa lita 145. Ukiongeza 20 tu, ubao utazama ukisimama pasipo mwendo, na hutaweza kulivuta tanga ukiwa umetulia. Kijana atasema ubao mkubwa ni wa waoga. Mwache aseme.

Tanga nalo limebadilika kuliko ubao. Mlingoti una nyuzi za kaboni ndani yake na ni mwepesi. Mti wa kushikia, ule tuliokuwa tukiufunga kwa kamba na mafundo hadi vidole vichubuke, siku hizi una kibano kinachobana mlingoti kwa mkono mmoja. Kwa upepo wetu wa kawaida wa kusi mchana, noti 14 hadi 20 hivi (noti moja ni kama kilomita 1.85 kwa saa), tanga la mita za mraba 5.5 hadi 6.5 linamtosha mtu wa uzito wangu. Chagua lile ambalo fito zake hazina vibano vya plastiki vya kuzungukia mlingoti. Vibano hivyo ni vya wenye kukimbiza. Hufanya tanga kuwa zito kulitoa majini na kaidi kugeuka.

Sasa nije kwenye jambo lililonisumbua zaidi ya yote, nalo ni kufunga tanga. Sisi tulifundishwa kwamba tanga zuri ni lililokazwa likawa kama ngoma. Babu yangu, aliyekuwa nahodha wa mashua, angeona aibu kutoka na tanga lililolegea ukingoni. Tanga la leo linataka kinyume. Unavuta ile kamba ya chini kwa nguvu zako zote, unakanyaga shina la mlingoti kwa mguu na kuvuta, mpaka sehemu ya juu ya ukingo wa nyuma inalegea na kupepea. Ukilitazama mchangani utasema limeharibika. Lakini mlegeo huo ndio unaokuokoa: upepo mkali ukija ghafla, ncha ya juu hufunguka na kuumwaga, badala ya kukunyanyua na kukutupa mbele. Ile kamba ya nyuma, ambayo zamani tuliikaza hadi mwisho, sasa huvutwa kidogo tu. Mara mbili za mwanzo nilifunga kwa mazoea yangu, na mara zote mbili tanga lilinivuta kama punda aliyekataa. Mpwa wangu alinyamaza, akalifungua, akalifunga upya mbele yangu. Nilichukia, kisha nikaingia majini na chuki ikaisha.

Kimoja hakikubadilika. Ubao huu hauna usukani. Unauongoza kwa tanga lenyewe. Ukilalisha mlingoti kuelekea omo, ubao unaanguka demani. Ukiulalisha kuelekea tezi, unapanda joshini. Mtu aliyekulia kwenye ngalawa analielewa hilo mwilini kabla ya kuelezwa. Tofauti ni kwamba jahazi zetu hugeuka kwa kupitisha tezi kwenye upepo, kwa sababu foromali ni kazi kubwa kuihamisha, ilhali ubao wa tanga hubisha vilevile kwa omo, nawe unazunguka mbele ya mlingoti kwa hatua mbili za haraka. Haraka, nimesema. Kwenye ule ubao mrefu tulikuwa tukitembea hadi mbele kama tuko gatini. Huu ukikaa mbele kwa sekunde mbili pua inazama, na wewe nayo.

Ukishapata mwendo, rudi nyuma. Ubao unainuka na kuteleza juu ya maji, na hapo mkanda wa kiunoni ndio unaobeba tanga, si mikono. Kamba zake siku hizi ni ndefu, sentimita 70 na zaidi, hivyo unasimama wima karibu kama mtu anayengoja matatu. Zile fupi za zamani zilitukunja kifuani. Mti wa kushikia uweke kimo cha bega. Vikanda vya miguu viache kwanza. Ukipata mwendo wa kutosha miguu itavitafuta yenyewe.

Kasoro nazo zipo. Ubao huu hauna kile kisu cha katikati, una pezi moja tu nyuma, na pezi hilo halifanyi kazi mpaka ukimbie. Upepo ukiwa chini ya noti 10 utasukumwa demani polepole, na utarudi nyumbani kwa miguu ukiwa umebeba ubao kichwani mbele ya watu. Kwa siku za kaskazi dhaifu, au wakati wa tanga mbili upepo haujui uendako, bora ubao wenye kisu, na umepatikana tena siku hizi kwa umbo jipya. Kuhusu zile zenye bawa refu chini ya maji, zilizotumika kwenye Olimpiki ya 2024, mimi nasema tuziache. Mguu wa bawa lile hukaribia mita moja, na ndani ya mwamba wetu maji mara nyingi hayana kina hicho.

Pezi lenyewe liwe lililolala kwa nyuma. Maji yetu ya ndani yamejaa majani ya bahari, na pezi lililosimama wima hukusanya majani kama reki mpaka ubao unasimama bila wewe kujua sababu. Mimi nilidhani upepo umekufa.

Na usivue raba. Wale wanyama wa miiba myeusi hawajabadilika tangu 1997.

Kuhusu saa ya kutoka, hakuna kitabu cha kigeni kitakachokusaidia. Huku Diani kusi na kaskazi zote huja kutoka baharini kwa mshazari, moja ukitazama bahari mkono wa kulia, nyingine wa kushoto. Hiyo ni rehema, kwa sababu kifaa kikivunjika upepo unakuleta ufukweni. Hatari iko kwenye maji. Siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, bahari hupwa karibu saa nne asubuhi na kujaa karibu saa kumi alasiri, kisha huchelewa kama dakika 50 kila siku. Upepo hushika nguvu baada ya adhuhuri. Basi saa saba hadi saa tisa siku hizo ni wakati mzuri: maji yanajaa, yanakusukuma ndani, na mwamba bado unavunja mawimbi. Yakishajaa kabisa mawimbi huvuka mwamba, na pengine ufuko wote umefunikwa, huna pa kutua ila ukutani kwa mtu. Yakianza kupwa, maji yote ya ndani hutafuta mlango wa mwamba ili yatoke. Usiwe karibu na mlango huo.

Siku za maji mafu mambo hugeuka, maji yanapwa alasiri, lakini hayaendi mbali na mkondo ni mdogo. Mimi huzipenda siku hizo kwa kujifunza.

Vaa jaketi la kuokolea. Mwambie mtu unatoka na utarudi saa ngapi. Ukishindwa, lala juu ya ubao ungoje. Usiuache ukaogelea, hata ufuko uwe karibu namna gani machoni pako.

Bei ni habari chungu. Seti mpya kamili hupita bei ya pikipiki mpya, na sisemi mtu akakope. Wenye vituo vya kukodisha huuza vifaa vyao msimu ukiisha, na ubao wa miaka mitano uliotunzwa hauna ubaya wowote. Angalia nyufa kwenye pua na pale mlingoti unapofungwa; bonyeza sehemu ya kusimama kwa kidole gumba, ikiwa laini kama embe bivu maji yameingia, uache. Tanga la plastiki angavu likunje kidogo usikie: likilia kavu kama karatasi, jua limeshalila. Kwa sababu hiyohiyo usiache la kwako limetandazwa mchangani huku unakunywa madafu.

Nyumbani nimeulizwa kama ni haki mtu mzima kutumia pesa kwa mchezo wa Wazungu. Tanga si la Wazungu, hilo sina haja ya kulieleza kwa wasomaji wa huku. Ubao huu ulitoka California, Marekani, mwishoni mwa miaka ya 1960, ukiwa kazi ya Jim Drake na Hoyle Schweitzer, lakini upepo unaoujaza ndio uleule uliomleta babu yangu nyumbani. Kinachonikera mimi ni kwamba njia za umma za kwenda pwani zinazidi kubanwa na kuta, na mtoto wa hapa anaweza kufika miaka kumi na tano hajui kuogelea.

Jumamosi iliyopita mke wangu alikuja pwani mara ya kwanza, akakaa chini ya mkoko na thermosi ya chai. Nilikwenda hadi karibu na mwamba na kurudi mara sita, nikaanguka mara mbili. Nilipotoka alinimiminia kikombe, akaniuliza kama lipo tanga dogo la kumtosha binti yetu. Lipo, la mita tatu na nusu. Nimeshaongea na mpwa wangu.