Mnyama Asemaye si Hurafa Daima: Mfano wa Bunnicula

Mtahiniwa wengi wetu tunaowasahihisha wakikutana na mnyama asemaye, huandika "hurafa", wakataja funzo, kisha wakaweka kalamu chini. Je, jibu hilo linatosha?

Tutazame riwaya ya watoto kutoka Marekani, Bunnicula, ya Deborah Howe na mumewe James, iliyochapishwa mwaka wa 1979. Deborah alifariki mwaka wa 1978, kabla kitabu hakijatoka. James aliziendeleza hadithi hizo, kuanzia Howliday Inn (1982) hadi riwaya ya saba mwaka wa 2006.

Jina la kitabu limechanganya neno la Kiingereza la sungura na Dracula, mnyonya damu wa riwaya ya Bram Stoker ya 1897. Familia ya Monroe inamwokota sungura katika jumba la sinema linaloonyesha filamu ya Dracula. Punde si punde, mboga jikoni zinapatikana zimekuwa nyeupe, zimefyonzwa maji yake. Nani kafanya? Hapo taharuki inazaliwa.

Msimulizi wa nafsi ya kwanza ni mbwa, Harold. Mpelelezi ni paka Chester, mpenzi wa vitabu. Katika ngano zetu, Sungura na Fisi huwakilisha tabia za binadamu. Hapa binadamu wenyewe wamo nyumbani, ila hawasikii mazungumzo ya wanyama wao. Ucheshi unatokana na pengo hilo. Chester anasoma kwamba mnyonya damu huuawa kwa kigingi cha moyoni. Anamwekea sungura kipande cha nyama na kukitwanga, kwa kuwa kwa Kiingereza "kigingi" na "steki" hutamkwa sawa!

Hata hivyo, kuna jambo zito. Kwa kutumia kitunguu saumu, Chester anamzuia sungura asifikie chakula, naye anadhoofika kwa njaa. Harold ndiye anayeligundua hilo na kumhurumia. Hiki ni kinaya: msomaji hodari ndiye anayekaribia kuua. Huenda hakukosea kuhusu mboga. Alikosea kudhani kwamba aliye tofauti ni lazima awe hatari.

Basi mtahiniwa, kabla ya kuandika "hurafa" au "tashihisi", jiulize: Mnyama huyu anasema na nani? Nani anamsikia? Nani anasimulia, na anajua kiasi gani? Kisha thibitisha kila hoja kwa mfano kutoka kwenye matini. Istilahi peke yake si jibu.