Siti: Kutoka Vyungu Hadi Santuri

Wiki hii nataka tumkumbuke mwanamke aliyeanza na vyungu akafika kwenye santuri.

Siti binti Saad alizaliwa Fumba, Unguja, yapata mwaka 1880, katika ukoo wa watumwa. Jina lake la utotoni lilikuwa Mtumwa. Alifinyanga vyungu kama mama yake, akavipeleka mjini akivinadi kwa sauti. Shule hakuiona.

Mwaka 1911 alihamia mjini, na huko Ali Muhsin, mwanamuziki wa Nadi Ikhwan Safaa, akamfunza kuimba. Enzi hizo taarab ya kasri iliimbwa kwa Kiarabu. Siti akaiimba kwa Kiswahili, makabwela wakajisikia wamo. Wapo waliomkejeli kwa asili na sura yake. Naye aliwajibu kwa nyimbo.

Mwaka 1928, umri ukikaribia miaka 50, alivuka bahari na wapigaji wake hadi Bombay kurekodi santuri za His Master's Voice. Sauti ya mfinyanzi ikaenea pwani nzima.

Alifariki mwaka 1950. Tunamjua kwa sababu Shaaban Robert alikaa chini akaandika wasifu wake.

Sasa nauliza: hapa kwetu Ruanda, mama anayeimba Kinyiha shambani au msibani, nani amemrekodi? Nani ameandika jina lake? Simu zenye kinasa sauti tunazo mifukoni. Tusingoje Bombay. Mwimbaji akizikwa bila kurekodiwa, nyimbo zake nazo tumezifukia.